Noma inaanzia kwenye ufizi, lakini kinga ya mtoto imeanguka mbele

Tarehe 15 Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani, ile tunaita OMS, liliandika noma katika orodha yake ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Nijeria njo ilipeleka maombi, nchi nyingine zikaunga mkono. Hapa kwetu habari ile ilipita kimya. Tulikuwa katika mambo ya uchaguzi, kura ilikuwa tarehe 20 ya mwezi ule ule, na redio hazikuwa na nafasi kwa ufizi wa watoto. Lakini Kongo iko kati ya nchi ambazo ofisi ya OMS ya Afrika imeweka katika programu yake ya kupigana na noma. Na sisi wa sendika za mugodi tunaona jambo hili ni letu pia, hata kama kamaradi wengine wanatucheka: tangu lini sendika inafungua watoto midomo?

Bon, tueleze kwanza ugonjwa wenyewe, kwa maana wengi hawajausikia kwa jina, ingawa pengine wamekwisha kuona uso ulioharibika nao.

Noma inashika watoto wadogo, zaidi wale wa miaka 2 mpaka 6. Inaanza na kitu kidogo: ufizi unatoka damu bila kuguswa, mdomo unanuka, mtoto anatoa mate mingi, anakataa kula. Kisha ukingo wa ufizi kati ya meno unakuwa na kidonda, rangi ya majivu, nyama inakufa. Hapo bado ni ufizi tu. Kisha shavu linavimba. Kisha, katika siku chache, shavu linakuwa jeusi na linatoboka, na ndani unaona meno na mfupa. Bila dawa, mpaka watoto 9 kati ya 10 wanaweza kufa. Wale wanaopona wanabaki na tundu usoni, au taya limefunga na mtoto hawezi tena kufungua mdomo vizuri kwa kula wala kusema. Jina lenyewe linatoka kwa Kigiriki, ni neno la mifugo inayokula majani shambani. Wazee wa Ugiriki waliona hivyo: kitu kinachokula uso kama mbuzi anavyokula bustani.

Katika mwaka 1998 OMS ilikadiria watoto 140,000 wanaopata noma kila mwaka, na watu 770,000 wanaoishi na makovu yake duniani. Hesabu hiyo ni ya zamani. Na hata wakati ule ilikuwa makadirio, kwa sababu mtoto akifia kijijini bila kufika hospitali, nani atamwandika?

Sasa, watu wanasema nini? Wengine wanasema ni laana, ni uchawi, mama alikula kitu kilichokatazwa. Wengine, wale wanaojiona wenye akili zaidi, wanasema ni uchafu, mtoto hapigi mswaki. Hawa wa pili wanakosea kwa namna ya hatari zaidi, kwa maana wanachosema kinafanana na ukweli. Usafi wa mdomo una kazi yake, hatukatai. Lakini mikrobi zinazopatikana katika kidonda cha noma nyingi ni zile zinazokaa katika midomo ya watu wazima na watoto bila kuwafanya kitu. Mdomo wa mtu yeyote una mamia ya aina za mikrobi. Noma haiambukizi: mtoto anaweza kulala kitanda kimoja na ndugu yake mgonjwa, akanywa katika kikombe kimoja, asiipate. Kama mikrobi ziko kwa kila mtu na ugonjwa hauko kwa kila mtu, lazima kuna kitu kingine kinachoamua. Kitu hicho ni kinga ya mwili.

Watu wa Kipushi wataelewa haraka. Mugodi wa Kipushi ulisimamishwa mwaka 1993. Miaka ile yote maji yaliendelea kuingia chini, kama yalivyoingia tangu mwanzo wa mugodi, na pompi ziliendelea kuyatoa. Mwaka 2011 pompi zikashindwa na maji yakapanda, yakajaza mugodi. Je, maji yalikuja mwaka 2011? Hapana. Maji yalikuwako siku zote. Kilichopungua ni pompi.

Katika ufizi, pompi ya kwanza ni aina moja ya chembe nyeupe za damu, waganga wanaziita neutrofili. Zinazaliwa ndani ya uboho wa mifupa, zinaishi muda mfupi sana, na kila saa, usiku na mchana, zinatoka katika damu na kuingia katika kile kifereji chembamba kati ya jino na ufizi. Hapo zinameza mikrobi na kuzichoma kwa dawa zao zenyewe. Mtu mzima wa afya hajui kama kazi hii inafanyika mdomoni mwake.

Katika mkutano mmoja wa familia za wafanyakazi, mama mmoja alituuliza hivi: “Wangu napiga mswaki kila asubuhi, wa jirani hapana kabisa, sasa mbona meno ya wangu njo yanatikisika?” Hatukuwa na munganga pale, na hatujui mtoto wake alikuwa na nini. Lakini swali ni la maana, kwa sababu kuna watoto, wachache sana duniani, waliozaliwa na kasoro katika pompi hii. Kuna ugonjwa unaoitwa kwa majina ya waganga wawili wa Ufaransa, Papillon na Lefèvre, walioueleza mwaka 1924. Mtoto anazaliwa na jeni moja iliyovunjika, ile inayotengeneza chombo ambacho neutrofili inahitaji kwa kazi yake. Ngozi ya viganja na nyayo inakuwa ngumu, nene, na meno ya utoto yanaanguka yote akiwa na miaka 4 au 5, kisha meno ya ukubwa nayo yanafuata. Kuna watoto wengine ambao neutrofili zao ziko nyingi katika damu lakini haziwezi kushika ukuta wa mshipa na kutoka nje, basi zinapita tu kama lori linalokosa njia ya kuingia karieri. Ufizi wao unaoza mapema, na vidonda vyao havitoi hata usaha. Mama wa mtoto kama huyo anaweza kupiga mswaki mpaka mkono uchoke.

Tunataja watoto hawa wa jeni kwa sababu moja. Wanatuonyesha kwamba ugonjwa mkali wa ufizi kwa mtoto mdogo ni alama. Ukiuona, usiulize tu “amekula nini cha sukari”, uliza kinga yake iko namna gani. Wao kinga yao ilivunjika tumboni mwa mama, na hakuna wa kulaumiwa. Mtoto wa noma ni tofauti. Huyu alizaliwa na kinga nzuri kama ya mtoto wa Brussels. Ilivunjwa baadaye.

Inavunjwa na nini? Kwanza na njaa. Na hapa tuseme vizuri, maana watu wakisikia njaa wanafikiri tumbo tupu. Mtoto anaweza kushiba bukari kila siku na bado mwili wake una njaa. Bukari peke yake, na maji ya sombe yaliyobaki chini ya sufuria, inajaza tumbo. Lakini kinga inajengwa na vitu vya samaki, maharagi, karanga, mayai, mafuta ya mawese, matunda. Mtoto akikosa protini, nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi ndogo inayoitwa timusi, ni kama shule ambapo askari fulani wa kinga wanafundishwa. Tezi hiyo inanyauka kabisa kwa mtoto mwenye bwaki, kama wanavyosema ndugu zetu wa Kivu. Shule inafungwa. Akikosa vitamini A na zinki, ngozi laini ya ndani ya mdomo inakuwa dhaifu na haizibi vidonda haraka. Mate yake yanapunguza zile kinga zinazofunika ufizi. Neutrofili zinafika zikiwa zimechelewa na hazina nguvu ya kuua.

Mtafiti mmoja wa Nijeria, Cyril Enwonwu, alitumia miaka mingi ya maisha yake juu ya jambo hili. Yeye na wenzake walionyesha kwamba katika damu ya watoto wenye utapiamlo homoni ya mahangaiko, kortizoli, inapanda. Kortizoli nyingi inalaza kinga. Halafu kuna jambo lingine ambalo wengi hawalitazamii: kinga iliyodhoofika haimaanishi kinga iliyolala tu. Mara nyingine inapiga bila kulenga. Zile dawa kali ambazo neutrofili inabeba kwa kuchoma mikrobi zinamwagika na kuchoma nyama ya mtoto mwenyewe. Njo maana ufizi unakufa haraka namna ile. Ni mikrobi na mwili pamoja vinavyokula shavu.

Lakini watoto wenye njaa ni wengi sana katika nchi hii, na noma inashika wachache kati yao. Mara nyingi kuna pigo la pili. Malaria inaweza kuwa pigo hilo. Sida pia, kule Zimbabwe na Afrika ya Kusini waganga waliona noma kwa watoto wenye virusi vyake. Ila pigo linalotajwa zaidi ya yote ni surua.

Juu ya surua lazima tukae kidogo, kwa sababu hapa Kongo tunaijua vibaya. Katanga ilipigwa mwaka 2011, ikapigwa tena mwaka 2015, Malemba-Nkulu iliona mambo. Kisha ikaja ile kubwa. Juni 2019 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa surua kwa nchi nzima. Mpaka Januari 2020 OMS ilikuwa imehesabu wagonjwa karibu 310,000 na vifo zaidi ya 6,000. Agosti 2020, Serikali ilipotangaza kwamba umekwisha, watoto wa chini ya miaka 5 waliokufa walikuwa zaidi ya 7,000. Katika wakati ule ule Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri iliua watu 2,287. Kila mtu anakumbuka Ebola: magari, waandishi, mahema, dola. Surua iliua mara tatu zaidi na ilikuwa na chanjo ya zamani, ya bei ndogo. Hatusemi Ebola ilipewa nyingi mno. Tunasema surua ilipewa kidogo.

Watu wanahesabu wale waliokufa kwa surua yenyewe. Nani anahesabu waliopona? Virusi vya surua vina tabia mbaya ya pekee: vinaingia ndani ya zile chembe za damu zinazobeba kumbukumbu ya kinga, na kuziua. Mwaka 2019 watafiti walipima damu ya watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, kabla na baada ya surua. Walikuta watoto wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kinga walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Ile yote ambayo mwili ulijifunza, homa hii, kuhara huku, mikrobi ile, inafutwa kama ubao wa shule. Na wale walikuwa watoto wa Uholanzi, wanaokula maziwa na jibini! Mtoto wa kwetu anapona surua akiwa amekonda, ana vidonda mdomoni vilivyoachwa na surua yenyewe, hawezi kula kwa sababu ya maumivu, basi anakonda zaidi, na kinga yake haikumbuki kitu. Ukisoma historia za watoto wa noma, mara nyingi utakuta maneno hayo hayo: alikuwa na surua, akapona, kisha baada ya wiki chache mdomo ukaanza kunuka.

Ndiyo sababu OMS inaomba kila mtoto mwenye surua apewe vitamini A, dozi mbili, siku mbili zinazofuatana. Kidonge kidogo cha mafuta. Na chanjo yenyewe hapa kwetu inatolewa bure kwenye miezi 9. Mzazi ambaye mwanawe amepita umri huo bila chanjo asione haya, aende kituo cha afya na karatasi ya kupimia kilo, watamwambia la kufanya.

Kuna swali ambalo wafanyakazi wanatuuliza kila mara tukisema juu ya magonjwa: je, ni vumbi? Ni asidi? Ni kobalti? Sisi tuko wa kwanza kulaumu kampani kwa vumbi na maji machafu, faili zetu zimejaa. Lakini noma haitaki tuseme uongo. Watoto wengi wanaojulikana kwa ugonjwa huu wako Niger, Burkina Faso, kaskazini ya Nijeria, ambako hawajawahi kuona kobalti. Kule Sokoto kuna hospitali nzima ya noma, na Waganga Wasio na Mipaka wanafanya kazi pale tangu 2014. Ulaya nayo ilikuwa na noma. Waganga wa Uholanzi, Ufaransa na Ujerumani waliiandika tangu miaka ya 1600, walikuwa wanaiona kwa watoto wa masikini. Iliisha kule karibu na mwanzo wa karne ya 20, kabla penisilini haijaanza kutumiwa. Iliondolewa na mkate, maziwa na nyumba safi. Kisha ikarudi mara moja, katika makambi ya Wanazi, Auschwitz na Bergen-Belsen. Ugonjwa ambao Ulaya ilikuwa imesahau ulirudi katika muda wa miaka michache tu, kwa sababu watu walifungwa na kunyimwa chakula.

Kwa hiyo mugodi hauleti noma kwa vumbi lake. Mugodi unaingia kwa mlango mwingine, ule wa sahani. Shamba la mihogo linapochukuliwa na familia inapewa franga kidogo za kuhama, sahani inabadilika. Mfuko wa unga unapopanda bei, nasi Haut-Katanga na Lualaba tunategemea sana unga wa Zambia, kitu cha kwanza kinachokatwa ni samaki na maharagi, bukari inabaki. Mama anayeosha mawe ya kreseri kutoka saa kumi na mbili asubuhi hawezi kunyonyesha wala kupeleka mtoto kwenye siku ya chanjo. Hatuhitaji mtafiti kutoka mbali kutuambia hivyo, tunakaa nao.

Wazee wetu wanakumbuka wakati mwingine. Union Minière, tangu mwisho wa miaka ya 1920, ilianza kuweka wafanyakazi pamoja na wake zao na watoto katika makambi, na kutoa posho ya chakula, na kupima watoto kilo. Hatuwapigi makofi. Walipima watoto wetu kwa ajili ya kupata mikono ya kesho, na baba aliyesema neno alijua kinachomngoja. Mwaka 1941 wagomaji walipigwa risasi hapa Lubumbashi. Gécamines ilirithi mpango ule, na unga wa Gécamines ulilisha watu wengi ambao leo wana mvi. Kisha kampani ikaanguka. Katika 2003 na 2004, kwa mpango ulioletwa na Banki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Pamoja na mshahara zikaondoka hospitali, shule na unga. Hakuna aliyefanya hesabu ya kinga ngapi za watoto ziliondoka pamoja nao.

Leo sheria inasema nini? Sheria ya kazi ya 2002 inamlazimisha mwenye kazi kutunza afya ya mfanyakazi na jamaa yake. Katika kampani kubwa, mwenye kontra ya moja kwa moja, jambo hilo linaenda, na matatizo yake. Lakini leo kazi nyingi iko mikononi mwa sutretansi. Tunajua kampani moja ndogo ya namna hiyo ambapo mtoto wa mfanyakazi anatibiwa malaria na kuhara, na mengine yote baba anaambiwa “haiko kwenye orodha”. Mdomo hauko kwenye orodha. Tuliomba orodha hiyo kwa maandishi, mpaka leo tunangoja. Na kreseri, yeye hana orodha yoyote.

Franga ziko wapi, basi? Sheria ya mugodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inaomba kila kampani itoe, kidogo kabisa, asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wanaoizunguka. Mauzo, siyo faida, kwa hiyo kampani haiwezi kusema “mwaka huu hatukupata kitu”. Pia, katika ada ya mugodi, asilimia 25 ni ya jimbo na asilimia 15 ni ya eneo lenyewe, muji au sekteri au shefferi ambako mawe yanatoka. Na kobalti, tangu ilipoitwa madini ya kimkakati mwaka 2018, inalipa ada ya asilimia 10. Ukizunguka Lualaba utaona vitu vilivyojengwa na franga hizo: madarasa, visima, jengo la afya lenye jina la kampani kwa rangi kubwa. Ni vizuri, hatubezi. Ila jengo la afya bila friji ya chanjo, bila vitamini A, na muuguzi mmoja ambaye hajawahi kufundishwa kuangalia ufizi, halitamwona mtoto wa noma mpaka shavu litoboke.

Na hapo njo kuna uchungu wote wa jambo hili. Dawa ya noma ikiwa bado kwenye ufizi ni rahisi: amoksisilini na metronidazoli, kusafisha mdomo kwa klorheksidini au kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, na kulisha mtoto chakula chenye nguvu. Dawa zile ziko katika farmasi ya kila kona ya muji. Ufizi unapona, uso unabaki mzima. Shavu likishakuwa jeusi, dawa zile bado zinaweza kuokoa uhai, lakini uso umekwenda, na inabaki kungoja waganga wa kupasua, mara moja, mara mbili, mara tano, kama wanapatikana. Kati ya ufizi na shavu kuna siku chache, pengine wiki moja au mbili. Fidel Strub, mwanaume wa Burkina Faso aliyeshikwa na noma akiwa mtoto mdogo na aliyepasuliwa mara nyingi sana, yeye na Mulikat Okanlawon wa Nijeria, naye mponaji, njo walizunguka mikutano ya dunia mpaka OMS ikakubali kuuandika ugonjwa wao. Watu wenye makovu walifanya kazi ambayo mawaziri walikuwa hawajaifanya.

OMS inafundisha wauguzi jambo moja: inua mdomo wa juu wa mtoto na uangalie. Haichukui hata dakika. Mtoto anayekuja kupimwa kilo, mtoto aliyetoka surua, mtoto mwenye miguu iliyovimba, inua mdomo. Ufizi unaotoka damu wenyewe na kunuka ni alama kama homa ilivyo alama. Tena siyo alama ya meno tu: mtoto huyo apimwe malaria, apimwe virusi vya sida kama wazazi wanakubali, apewe chakula cha utapiamlo. Ukimpa dawa ya mikrobi peke yake na kumrudisha kwenye bukari tupu, umetoa maji kwa ndoo na pompi bado imekufa.

Kwa upande wetu, tumeweka maneno haya katika madai tutakayopeleka kwenye mazungumzo ya mapatano ya kazi yanayokuja. Matunzo ya mdomo ya watoto yaandikwe kwa jina, na yawe kwa wafanyakazi wa sutretansi pia, kwa sababu wanachimba shimo lile lile. Siku ya chanjo ya mtoto ihesabiwe kama ruhusa yenye kulipwa kwa mama au baba. Wauguzi wa zahanati za kampani wafundishwe kuinua mdomo. Mafunzo hayo ni ya siku, hayahitaji ndege wala hoteli. Na pale wakaaji wanapokaa na kampani kuandika mkataba wa zile asilimia 0.3, tunaomba ba mama wawe mezani, siyo machifu na mameneja tu. Mama hataanza na rangi ya jengo. Ataanza na friji, na samaki, na nani atakuwa pale siku ya chanjo.

Kampani moja imekwisha kutujibu kwa mdomo kwamba noma “haiko hapa”. Tuliuliza wanajuaje, nani aliangalia. Mkutano uliisha pale. Tumeomba tarehe nyingine.